Ati Nimwage Maji

Jumanne asubuhi nilibishiwa hodi na kijana wa manispaa. Miaka yote hii niliyokaa hapa Ravenna, Italia, hodi ya serikali bado yanishtua. Nikadhani ni mambo ya vibali. Kumbe amekuja kukagua visahani vya chini ya vyungu vyangu vya maua! Akakuta kimoja kina maji. Kimoja tu. Akakimwaga mwenyewe, akanipa vidonge vya kuua viluwiluwi nitie kwenye mtaro wa uani, kisha akaniuliza kama kuna pembe nyingine maji yanapotuama asipopaona yeye. Nilinuna nusu saa nzima. Mimi, mtoto wa Majengo, Mombasa, nifundishwe usafi!

Hasira ziliposhuka nikalikumbuka pipa la mamangu.

Hawa nao walijifunza kwa kuumwa. Mwaka 2007 chikungunya, ugonjwa wa viungo uletwao na mbu, iliingia Castiglione di Cervia, kijiji kisicho mbali na hapa, ikalaza watu zaidi ya 200 pale na kandokando. Jina lenyewe ni la Kimakonde, la kukunja mtu, tangu ulipozuka kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Sisi Mombasa ulitukunja mwisho wa 2017 hadi 2018. Mamangu alinipigia simu akilia: vidole vimekataa hata kushika mbuzi akune nazi.

Na msaada uliomfikia mtaani? Gari lenye kipaza sauti: mwageni maji yaliyotuama. Haya, maji yetu mwayajua wenyewe. Mtungi umeununua kwa mwenye mkokoteni, umelipa tena wa kukupandishia ngazi, halafu uumwage? Mamangu alilisikia lile gari, akavuta kiti, akakalia kifuniko cha pipa.

Laiti mtu angeketi naye akamuuliza, angemjibu: kumwaga simwagi, lakini mdomo wa pipa nitaufunga kitambaa, nikaze na mpira, na likiisha nitalisugua kuta. Na kulisugua ndiko hasa kwenyewe, maana mbu huyo hugandisha mayai ukutani mwa pipa. Ukimwaga maji tu, mayai yanakungoja. Tena huuma mchana, neti ya kitandani haimhusu.

Nawasikia: "Huyu ashakula pasta, sasa mahamri yamnukia." Wallahi sivyo. Mfereji wangu huku hutoka usiku na mchana, ndiyo maana kijana yule aweza kuniambia nimwage. Hilo nakubali. Lakini kuuliza swali kwagharimu euro ngapi?

Wala msinambie hatujui kushirikiana. Huku jirani wa mlango wa tatu simjui jina. Kwetu mtu akifa alasiri, magharibi haijaadhiniwa jamvi lishatandikwa, masufuria yameazimwa, na daftari la mchango liko mkononi mwa mama fulani asiyepoteza hata shilingi kumi. Mtaa kama huo washindwa na mbu?

Lakini nasi tuna yetu. Mwaka 2020 korona ilipoingia Mji wa Kale, watu walikataa kupimwa, ati ugonjwa wa kubuniwa. Niligombana na binamu yangu mpaka salio likaisha. Siku hizi namwelewa kidogo. Baada ya marungu na gesi ya machozi ya polisi pale feri ya Likoni mwezi Machi, nani angempa mkono mtu aliyetumwa na serikali? (Kidogo, nimesema. Bado alikosea.)

Jana nimempigia mamangu. Nimemuuliza kuhusu wale wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023. Wa mtaani kwao ni binti aliyezaliwa nyumba ya pili. Yuaja?

"Yuaja. Hunipima presha, akanywa chai."

"Na pipa je?"

"Pipa hajaniuliza."

Nikaanza kumweleza amwonyeshe yeye, asingoje kuulizwa. Akanikata: "Na wewe, kisahani chako ushakisugua?"