Fisadi wa jukwaani na fisadi wa mahakamani

Zamani, hasa pwani, ukimwita mtu fisadi hakuna aliyefikiria fedha za umma. Fisadi alikuwa mharibifu wa mabinti na wake za watu. Neno lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni kuharibika, kuoza.

Tanzania ililipatia neno hilo kazi mpya Septemba 2007, pale Dk. Willibrod Slaa, katibu mkuu wa chama cha upinzani Chadema, aliposimama Mwembeyanga, Temeke, akasoma majina 11 ya aliowaita mafisadi. Miezi michache baadaye likalipuka la EPA, akaunti ya madeni ya nje ambamo shilingi bilioni 133 zilichotwa Benki Kuu, kisha Richmond, kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. "Rushwa" isingetosha hapo. Rushwa ina mtoaji na mpokeaji; kampuni inayochota mabilioni kwa nyaraka za kughushi haihitaji kumpenyezea mtu bahasha. "Uhujumu uchumi" nao, uliovuma mwaka 1983 enzi za Waziri Mkuu Sokoine, bado ulikuwa unanuka ulanguzi na bidhaa zilizofichwa stoo. Ufisadi ukaziba pengo, tena ukiwa na aibu yake ya zamani ndani yake. Ndiyo maana uliuma.

Tatizo ni kwamba nguo hii inamkaa kila mtu. Waziri ni fisadi, mwenyekiti wa mtaa ni fisadi, mpinzani wako kwenye kura za maoni ndiyo kabisa! Mwaka 2016 ilipoanzishwa mahakama maalumu, mitaani ikaitwa Mahakama ya Mafisadi. Jina lake rasmi ni Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi ya Mahakama Kuu, fisadi hayumo. Kwangu hilo ni sawa, kwa sababu hati ya mashtaka lazima iseme mshtakiwa kafanya nini, lini, na cha thamani gani.

Wakenya wamekwenda njia nyingine: wanayo Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na kwao neno linabeba hata hongo ya barabarani. Linaeleweka, ila makali yamepungua.

Jukwaani liachwe lilivyo. Mwananchi aliyeibiwa ana haki ya kutukana. Gazeti ndilo lijizuie. Mtu ambaye hata hajahojiwa, iandikwe tuhuma yenyewe: kughushi, matumizi mabaya ya madaraka, kujipatia fedha kwa udanganyifu. Makosa hayo yana vifungu, na anayetuhumiwa anaweza kuyajibu.