Kadi inayorudi

Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig waliifungua kozi yao ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford kwa yeyote mwenye intaneti. Walijiandikisha watu wapatao 160,000. Waliofika mwisho ni kama 23,000. Tangu hapo hesabu hiyo husomwa kwa namna mbili. Mmoja atakuuliza ni mwalimu gani mwingine aliyewahi kuwafikisha mwisho watu 23,000 kwa muhula mmoja. Mwingine atasema kati ya kila saba walioingia, sita walipotelea njiani, na shule ya kawaida yenye matokeo kama hayo wazazi wangekuwa wameshaihama.

Sisi tunaotengeneza kozi za mtandaoni tumegawanyika karibu vivyo hivyo. Kuna wanaotaka uhuru: masomo yote yawe wazi siku ya kwanza, kila mtu aende kwa mwendo wake, asiulizwe atamaliza lini. Kuna wanaotaka ratiba: watu waanze pamoja, kila wiki iwe na kazi yake na tarehe ya mwisho ya kuikabidhi. Nimetengeneza kozi za aina zote mbili, na siku hizi naona tunagombania kalenda wakati penye uvujaji ni kwingine.

Watetezi wa uhuru wana hoja nzito. Anayesoma mtandaoni mara nyingi ni mtu mzima mwenye kazi ya zamu, mtoto anayeumwa, au simu moja ya watu watatu. Ukimwambia kazi ifike Jumapili kabla ya saa sita usiku, umemfungia nje yule hasa aliyekimbilia mtandaoni kwa sababu darasa lilimshinda kwa ratiba. Tena si kila aliyeondoka ameshindwa. Yupo anayejiandikisha kozi ya wiki nane ya Excel akitaka jambo moja tu, namna ya kuoanisha majedwali mawili. Akilipata wiki ya tatu anakwenda zake ameridhika, na takwimu zinamwandika mtoro.

Ila hoja hiyo haiwezi kubeba watoro wote. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa kozi za vyuo vikuu vya Harvard na MIT zilizokuwa kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuwahi hata kuifungua kozi. Katika mwaka wa masomo wa 2017–18 waliomaliza walikuwa asilimia 3 hivi. Miongoni mwa waliolipia cheti, asilimia 46 walimaliza. Watu wa ratiba hupenda kuitaja hiyo asilimia 46: mwanadamu akifungwa na kitu, hubaki. Huenda. Huenda pia waliolipa ndio waliokuja na nia tangu mwanzo, fedha ikawa dalili ya nia hiyo wala si chanzo chake. Takwimu za aina hii haziwezi kuutatua ugomvi huo, na namshuku kila anayezitumia kana kwamba zimeshautatua.

Nadhani jibu limo katika historia ambayo huwa tunaisimulia nusu. Mwaka 1840 Isaac Pitman alianza kufundisha hatimkato, yaani uandishi wa haraka kwa alama fupi, kwa posta huko Uingereza. Wengi hukumbuka kwamba alituma masomo kwenye kadi. Wanachosahau ni kwamba kadi ilirudi: mwanafunzi alinakili vifungu vya Biblia kwa hatimkato, akazirudisha, zikasahihishwa. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, kilijulikana mno kwa vipindi vyake vya BBC, lakini uti wa mgongo wake ulikuwa kazi za kuandika zilizokwenda kwa mkufunzi na kurejea zikiwa na maoni. Posta na televisheni zilikuwa chombo cha kusafirishia tu. Kilichofanya iwe kozi ni mzunguko: kitu kinatoka kwa mwanafunzi, mtu anakitazama, kinarudi na jibu.

Sasa itazame kozi ya mtandaoni ya kawaida na uuone muda wa mtengenezaji ulikokwenda. Umekwenda kwenye video. Kozi yangu ya kwanza niliirekodi kwa karibu mwezi mzima, nikihangaika na taa na kipaza sauti, kisha maswali yote ya mazoezi nikayaandika usiku mmoja kabla ya kufungua. Yalikuwa maswali ya kitoto: mtu aliyesikiliza kwa sikio moja aliweza kuyajibu. Nilishangaa watu walipoanza kupungua, ingawa sikuwa nimewapa cha kufanya.

Kuhusu video kuna sheria moja ambayo kila mtu anaikariri: isizidi dakika sita. Chanzo chake ni kazi ya Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin ya mwaka 2014, waliopitia kumbukumbu za mara milioni 6.9 ambazo watu walitazama video kwenye edX na kukuta kwamba video ikirefuka, watu huiacha mapema. Kwa kawaida muda wa kutazama haukuvuka dakika sita. Ni utafiti mzuri, na video fupi zina faida zake: ni rahisi kupakua pale mtandao ulipo dhaifu, na anayerudia somo hupata haraka sehemu aitakayo. Lakini walichopima ni muda wa kutazama, na mtu anaweza kutazama hadi mwisho bila kujifunza kitu. Ukichukua mhadhara wa dakika arobaini ukaukata vipande saba, umepata mhadhara wa dakika arobaini wenye vipande saba. Swali lenye maana ni mwanafunzi anafanya nini kati ya kipande na kipande.

Hapo ushahidi ni mzito zaidi. Mwaka 2015 Kenneth Koedinger na wenzake walichunguza kozi ya mtandaoni ya saikolojia, wakaona kwamba uhusiano wa kufanya mazoezi na kujifunza ulikuwa mkubwa kama mara sita kuliko ule wa kutazama video au kusoma. Mapema zaidi, mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini wasome. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Kwa mtengenezaji wa kozi hii ina maana rahisi sana: moduli ya tatu ianze kwa maswali mawili ya moduli ya kwanza, kabla ya kusema lolote jipya.

Tatizo ni kwamba mwanafunzi hatakushukuru. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake walilinganisha madarasa ya fizikia huko Harvard. Waliotatua maswali darasani walifanya vizuri zaidi katika mtihani, lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Kazi ngumu huchosha, na uchovu hufanana na kutoelewa. Kozi za mtandaoni huishi kwa nyota tano za watumiaji, kwa hiyo anayetengeneza kwa kufuata nyota ataondoa mazoezi kidogo kidogo hadi abaki na kipindi cha kupendeza. Ukitaka maoni ya wanafunzi, yachukue, lakini yaweke kando ya matokeo ya kazi zao. Na waambie mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba wiki ya pili itauma.

Mazoezi nayo yana namna yake. Mimi huanza na kazi ya mwisho: kabla ya kurekodi chochote, naandika kile ambacho mtu atanionyesha akimaliza. Lengo lenye neno «kuelewa» nalifuta, maana sijawahi kuona kuelewa kukikabidhiwa. Katika maswali ya kuchagua, majibu yasiyo sahihi yatoke kwenye makosa ambayo watu huyafanya kweli, na kila kosa lipewe maelezo yake. «Jaribu tena» si mrejesho. Katika jukwaa la majadiliano, ukiandika «toa maoni yako kuhusu mada hii» utavuna «nakubaliana na mwenzangu hapo juu» arobaini mfululizo. Mwambie alete mfano kutoka kazini kwake, au picha ya rasimu yake yenye makosa. Hilo linasaidia pia sasa ambapo insha ya jumla huandikwa na programu ya akili mnemba kwa sekunde chache.

Ukiikubali hesabu hii, ugomvi wa kalenda hupungua makali. Kusoma, kutazama na kujipima hakuhitaji tarehe, na hapo watu wa uhuru wako sahihi kabisa. Tarehe inahitajika pale tu ambapo mtu mwingine anasubiri: mwenzako atakayesoma rasimu yako, mkufunzi aliyetenga Jumatano kusahihisha. Kozi ya wiki nane inaweza kuwa na tarehe tatu tu za namna hiyo, kila moja ikiwa na siku kadhaa za nyongeza zisizohitaji barua ya kujieleza. Aliyechelewa zaidi ya hapo aendelee na masomo, akose jibu la mkufunzi tu.

Kinachobaki ni gharama, na hapa watu wa uhuru wana hoja ambayo sina jibu lake kamili. Video huhudumia watu elfu kwa bei ya mmoja, majibu hayawezi. Dakika kumi kwa kazi moja, wanafunzi sitini, ni saa kumi za mkufunzi kwa kila tarehe. Wanafunzi wakisahihishana wenyewe mzigo hupungua, lakini ubora hutegemea sana mwongozo waliopewa. Nimeona wakipeana alama za juu kwa adabu tu. Kwa hiyo siku hizi kabla ya kufungua usajili naanza na saa za mkufunzi, nazigawa kwa dakika kumi, na idadi inayotoka ndiyo ninayoiandika kwenye tangazo. Wengine wanaweza kuingia bure wasome na wajipime, ila wanaambiwa mlangoni kwamba kadi zao hazitarudi.