Lenzi Haina Betri, Betri Ni Wewe

Hebu tuulizane, jamani. Kamera ya leo inalitambua jicho la mtu, la paka, hata la ndege anayeruka, na inalifuata jicho hilo popote liendapo bila kuchoka. Halafu mtu mwenye akili zake timamu anaing'oa lenzi iliyokuwa ikifanya kazi hiyo, anafunga lenzi ya zamani ya kamera za filamu, dude la chuma lenye umri wa kuitwa babu, kisha anakaa anazungusha pete kwa vidole, jicho moja limefumbwa, ulimi nje kama anayetunga uzi kwenye sindano. Ukimuuliza anafanya nini, anakujibu: nastarehe!

Starehe yenyewe inaanza kwa mshenga. Babu na kamera hawajuani wala hawasalimiani, kwa hiyo lazima adapta, pete ya kuwaunganisha, isimame katikati. Chukua lenzi za M42, zile zinazokazwa kwa nyuzi kama kifuniko cha mtungi. Ziliundwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Kamera ya Sony yenye mdomo wa lenzi wa aina ya E inataka milimita 18 tu kutoka kwenye sensa, ile sahani inayopokea picha badala ya filamu. Toa, unabaki na 27.46, na huo ndio unene wa adapta. Haina kioo, haina waya, haina akili. Kazi yake ni kuwa na unene huo na kunyamaza, na hata hiyo inaishinda! Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, lenzi ya Helios 44-2 ya milimita 58 inagota kwenye mita 34 hivi, kilicho mbali zaidi haikioni vizuri. Mlima utausikia kwa jina. Lenzi ya milimita 28 kwa kosa lilelile inaishia kwenye mita 8, yaani hata nyumba ya ng'ambo ya barabara haifiki.

Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana wengi wanaipunguza unene adapta makusudi. Sasa kosa limegeuka upande: pete inafika kwenye ile nane iliyolala chali, alama ya mbali kabisa, halafu inaendelea kuzunguka. Aliyezoea kukaza mpaka mwisho apige milima, anarudi nyumbani na milima ya pamba. Kwa hiyo usikaze mpaka mwisho, tazama. Na namba za mita zilizochongwa kwenye pete, kwa adapta ya namna hiyo, zichukue kama ahadi za mdeni. (Wenye kamera za Nikon zenye kioo cha kupanda na kushuka ndio wenye msiba hasa: bayoneti yao, yaani mdomo wa kufungia lenzi, inataka 46.5, hivyo M42 haifiki mbali mpaka adapta itiwe kioo chake cha lenzi, na kioo hicho kwa kawaida ndicho kinachoharibu ulichokipenda kwenye lenzi.)

Haya, umefunga. Bonyeza. Kimya! Kamera imesusa, inasema haina lenzi. Wewe unaiona lenzi, robo kilo ya lenzi inaning'inia pale, yenyewe haioni. Ingia kwenye menyu utafute kipengele cha kuruhusu kupiga bila lenzi. Ukiwa humohumo, iambie kamera urefu wa lenzi ili kitulizaji cha sensa, kile kinachopambana na mtikisiko wa mkono, kijue kitikisike kiasi gani. Andika 58. Usizidishe kwa moja na nusu eti kwa sababu sensa yako ni ndogo. Hesabu hiyo ni ya upana wa picha, si ya kitulizaji. Na ukibadilisha lenzi, badilisha namba. Ukiacha 135 huku umefunga 28, kitulizaji kitapambana na mtikisiko usiokuwepo, na picha itatoka na kizunguzungu. Kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaingia, nayo ipangie wewe kima cha chini. ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, ikijiendesha bila kujua imefungiwa lenzi gani, inaweza kuridhika na 1/60 ya sekunde hata kwa lenzi ya 135, ambayo inataka angalau 1/135, na mimi kwa mikono ya binadamu wa kawaida ningesema 1/250.

Sasa apacha, lile tundu la kupitishia mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Helios ina pete mbili, maana moja ingekuwa rahisi mno. Ya kwanza ina vituo vya kulia tik-tik: unaiweka, tuseme, kwenye 5.6. Ya pili haina vituo, inateleza kati ya uwazi wote na ile 5.6 uliyoipanga. Unafungua, unalenga, unafumba, unapiga. Ukisahau kufumba, umepiga f/2, yaani uwazi wote. Ukisahau kufungua, unalenga gizani na kila kitu kinaonekana kimekaa sawa kumbe hakijakaa. Lenzi nyingine za M42 zina kipini kidogo nyuma na swichi ya A (yenyewe) na M (kwa mkono). Kwa adapta isiyobonyeza kipini, weka M. Kwenye A utazungusha pete mpaka vidole viote sugu, majani ya apacha hayasogei hata kidogo.

Tuje kwenye fokasi, yaani kulenga mpaka picha iwe kali, chumba cha mateso. Kwa lenzi ya milimita 58 kwenye f/2, mtu akiwa mita moja mbele yako, sehemu iliyo kali ni sentimita tatu na nusu kwa makadirio, ya mbele na ya nyuma ukizijumlisha. Mtu akipumua tu ametoka. Akicheka amehama kabisa. Nawe pia unayumba, umesimama pale kama mlingoti, unayumba. Kamera inakupa pikingi, ile rangi nyekundu inayopakwa kwenye kingo zilizo kali, na pikingi ni muongo mwenye adabu: inapaka penye tofauti kubwa ya mwanga na giza, iwe pana fokasi kamili au panakaribia. Nyusi zitang'aa nyekundu na jicho litatoka limelala. Iweke kiwango cha chini, geuza mwonekano kuwa mweusi na mweupe ili rangi isijifiche, kisha kuza picha mara 5 au 10 juu ya jicho lililo karibu nawe. Sogeza kile kisanduku cha kukuzia kwenye jicho lenyewe; ukilenga katikati ya fremu kisha ukainamisha kamera, zile sentimita tatu umeshazimaliza. Kwa masafa ya karibu, acha pete kabisa. Iweke mahali, usogee mwenyewe mbele na nyuma polepole, upige picha tatu mfululizo. Moja itakubali.

Huku yote haya yakiendelea, anayepigwa picha amekenua meno mpaka yamekauka.

Na ukishazoesha mkono, jaribu chapa nyingine. Nikkor za zamani, lenzi za Nikon, zinazungushwa upande mmoja, Canon FD upande wa pili. Mtoto anakimbia kuja kwako, unazungusha kwa imani, na fokasi inamkimbia kwenda kwao.

Njia ya watu wavivu, nayo naisifu bila aibu, ni kutolenga kabisa. Lenzi ya 28 kwenye sensa kubwa yenye ukubwa wa fremu ya filamu, f/8, pete kwenye mita 3.3: kila kitu kuanzia mita 1.7 hivi mpaka upeo wa macho kinakubalika. Bandika kipande cha utepe pete isihame, tembea, piga. Ila hakikisha kwanza namba za adapta yako hazidanganyi, tumeshazungumza.

Jua likiingia mbele, lenzi yenye utando mmoja tu wa kuzuia mng'ao kwenye vioo inageuza picha kuwa maziwa. Vaa kofia ya lenzi, au ziba kwa kiganja. Mwingine anayapenda maziwa hayo, haya.

Kununua nako ni mtihani. Fungua vifuniko vyote, apacha wazi, piga tochi kutoka nyuma kwa mshazari. Mkwaruzo wa mbele usikutishe. Vumbi kidogo, lipo kila mahali. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo inakula utando wa kioo. Hata ikisafishwa, alama zinaweza kubaki. Ukiona rangi za upinde wa mvua pembeni, gundi ya vioo inaachia. Mafuta kwenye majani ya apacha ni kitu kidogo kwa Helios unayoisukuma kwa mkono, ni kifo kwa lenzi ambayo majani yake yanatakiwa yaruke yenyewe. Super-Takumar ya milimita 50 f/1.4 ikiwa na rangi ya chai, hiyo ni thoriamu, madini yenye mnururisho, ndani ya kioo: iweke kwenye mwanga wa urujuanimno au juani siku kadhaa, na nyuma uifunike kwa karatasi ya fedha. Usipoifunika, umeweka kioo cha kukusanyia moto dirishani, na pazia halina habari.

Pete ikiwa nzito, grisi imekauka, na hapo ndipo mikono inaanza kuwasha. Kabla hujaishika bisibisi: skrubu za lenzi za Kijapani ni za JIS, kipimo cha Wajapani wenyewe, bisibisi ya kawaida ya nyota inazichubua vichwa. Ukizungusha nyuzi za pete mpaka ziachane, weka alama pale zilipoachana. Zina milango kadhaa ya kuingilia, mmoja tu ndio sahihi, mingine yote inakupa lenzi nzuri isiyofika mbali.

Jioni umechoka. Unaifunika mbele na nyuma, unaiweka kwenye mkebe pamoja na pakiti ya silika jeli ya kunyonya unyevu, unajipongeza. Na apacha umeiacha kwenye 16. Kesho utafungua kamera, kidirisha giza tupu, na utaanza kuilaumu betri.