Sukari Wameitoa, Kafeini Wameiacha

Anti yangu anauza mitumba soko la Gikomba hapa Nairobi, na kama unaijua Gikomba unajua bale hufunguliwa kungali giza na ukichelewa kamera zote, zile nguo safi za kwanza, zimeshachukuliwa na wenye wameamka mapema kukuliko. Kwa hivyo huyu mama kwa miaka mingi ametoka kwake mtaa wa Umoja saa kumi alfajiri, jua lichome au mvua inyeshe. Mwaka jana kwa kliniki akaambiwa sukari imepanda na presha pia haiko sawa. Akaacha soda. Akaacha vile vijiko vitatu vya sukari kwa chai, mandazi akapunguza, hata harusini alikuwa anakataa keki. Nilikuwa najivunia sana, juu kubadilisha mdomo ukiwa na miaka hamsini na kitu si mchezo.

Halafu siku moja nikaenda kumsaidia kubeba mzigo, nikapata mikebe miwili ya enerji drinki chini ya meza yake, ile mikubwa ya nusu lita, na ilikuwa bado hata saa sita haijafika.

"Anti, hizi ni zako?"

"Ni zangu, lakini usijali baba, hii haina sukari. Soma hapo."

Nikasoma. Kweli haikuwa na sukari. Lakini nyuma, kwa yale maandishi madogo ya Kizungu, kulikuwa na kafeini, ile kitu ya kahawa na chai yenye huamsha mtu, 32 mg kwa kila 100 ml, na hapo ndipo nilianza kufanya hesabu nikiwa nimesimama tu katikati ya watu, nikaona hii kitu lazima niiandikie.

Venye watu wengi wanafikiria ni kwamba ikiandikwa bila sukari basi imekuwa kitu cha afya, kama vile maji yenye ladha. Hapana. Chukua mfano wa Red Bull juu ndiyo kila mtu anaijua. Mkebe wa kawaida wa 250 ml una sukari gramu 27, karibu vijiko saba vya chai, na kafeini 80 mg. Ule wa bila sukari una kafeini ngapi? 80 mg. Ile ile. Wameondoa kitu kimoja na kile kingine hakijaguswa, na neno kubwa limeandikwa mbele ni la kile kimeondolewa. Kile kimebaki unakitafuta nyuma, tena kwa kila 100 ml, na nani hunywa 100 ml? Mtu anaona 32 anafikiria mkebe wote ni 32. Mkebe wa nusu lita ni 160. Chupa ya 400 ml yenye imeandikwa 30 ni 120.

EFSA, wale wa usalama wa chakula huko Ulaya, walisema 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya yake akikaa ndani ya 400 mg kwa siku na 200 mg kwa mara moja hakuna wasiwasi, na mwenye mimba asipitishe 200 kwa siku nzima. Sasa anti. Mikebe miwili, 320. Chai ya rangi vikombe vitatu, kila kimoja kama 40, hiyo ni 120 ingine. Jioni kichwa kinamuuma, anatuma mtoto dukani aletewe Panadol Extra mbili, na hiyo Extra ni kafeini, kila tembe iko na 65 mg. Jumlisha ni 570. Na ile 400 ilisemwa ni ya mtu mwenye afya, huyu ni mama wa presha.

Kitu kilinishtua zaidi ni hiki. Kafeini inaamsha adrenalini, ile homoni ya kushtua mwili, na hiyo adrenalini inafanya insulini, ile homoni ya kushusha sukari ya damu, isifanye kazi yake vizuri kwa muda, kwa hivyo kuna watu wa kisukari aina ya 2 wenye wakipata kafeini na chakula sukari ya damu inapanda kuliko ingepanda bila hiyo kafeini. Ongeza kwamba kukosa usingizi pekee yake kunafanya mwili usisikie insulini vizuri. Mama ameacha sukari kwa chai ameteseka, halafu anakunywa kitu chenye kinaweza kumpandishia ile ile sukari alikuwa anaikimbia, na anakunywa kwa roho safi kabisa akijua anajitunza. Hiyo inaniuma. Hakuna mtu alimdanganya moja kwa moja, ni ule mkebe tu na maneno yake makubwa.

Na hii jina ya enerji pia tuiongelee. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Mkebe mdogo wa bila sukari hata kalori 15 haufikishi, ndizi moja inaupita mbali. Sasa ile nguvu unasikia inatoka wapi? Tangu uamke ubongo unakusanya kitu kinaitwa adenosini, ndiyo inakuambia umechoka, enda ulale. Kafeini inafanana nayo umbo, kwa hivyo ni kama inaingia kwa matatu kwanza inakalia siti zote. Adenosini haijaenda mahali, iko tu steji inangoja, na inazidi kuwa wengi. Kafeini ikianza kushuka wote wanaingia kwa mkupuo, na hapo ndipo saa tisa mchana unaskia miguu imekuwa mizito na unataka mkebe mwingine.

Tena haishuki haraka vile watu wanadhani. Kwa mtu wa kawaida nusu yake inatoka kwa masaa kama matano. Ukikunywa 160 saa kumi na moja jioni ukiwa umekwama kwa jam ya Jogoo Road, saa nne usiku bado uko na 80 ndani, ni kama umefungua mkebe mdogo ukielekea kitandani. Saa tisa usiku uko na 40. Na anti anaamka saa tisa na nusu! Analala juu juu, anaamka amechoka, anatafuta mkebe, na mkebe ndio ulimnyima usingizi. Amezunguka hivyo karibu mwaka mzima na sisi wote tukisema ni uzee.

Wanawake naomba mnisikize hapa. Vidonge vya kupanga uzazi vinafanya kafeini ikae kwa mwili karibu mara mbili ya kawaida. Mimba nayo, hasa miezi ya mwisho, inaweza kufikisha masaa 15 ndio nusu itoke. Na kuna cipro, ile dawa ya tumbo watu hununua kwa kemisti bila hata cheti cha daktari, hiyo pia inazuia ini kuvunja kafeini, kwa hivyo ukiwa kwa dozi na bado unakunywa mkebe wako wa kila siku, ule mmoja unakuwa kama miwili na unabaki kujiuliza mbona moyo unadunda hivi.

Vitu vingine vyenye huandikwa hapo nyuma, nitapita haraka. Taurini watu husema inatoka kwa korodani za fahali, si kweli. Jina lilitoka kwa ng'ombe kwa sababu 1827 ilipatikana mara ya kwanza kwa nyongo ya fahali, siku hizi inatengenezwa kiwandani, na hata mwili wako unajitengenezea. EFSA walisema 2009 kwa viwango vya hivi vinywaji si shida. Mimi siiogopi. Guarana ndiyo uangalie, hiyo ni mbegu ya mmea wa Amazoni na ndani yake ni kafeini, nyingi kuliko ya buni, kwa hivyo ukiona kafeini na guarana kwa mkebe mmoja jua ni ndugu wawili wa mama mmoja. Utamu bandia nao, ule unawekwa badala ya sukari, WHO, Shirika la Afya Duniani, walishauri Mei 2023 usitumike kama njia ya kupunguza uzito, na hapo pia mtu wa jimu mwenye anakunywa ziro, zile za bila sukari, tatu kwa siku akidhani anakata tumbo angefikiria tena. Kwa maoni yangu shida kubwa ya huo utamu ni kwamba unateleza. Kinywaji cha sukari ukifika cha pili koo inakataa, umeshiba, umekinai. Ya ziro inapita tu kama maji, unashtukia ni ya tatu.

Na sijagusa vijana wa boda. Pale steji yetu kuna wale wanapiga kazi usiku wakiwa na muguka, yale majani ya kutafuna, shavuni na chupa ya enerji kwa tangi. Muguka iko na kathinoni, hiyo ni kichangamshi kingine kinafinya mishipa na kukimbiza moyo, na sasa umeiwekea kafeini juu, mwili umekanyagiwa mafuta mara mbili na hakuna breki. Wenye kuchanganya na pombe ni vile vile, kafeini haipunguzi ulevi, inakuficha tu kwamba umelewa, unaskia uko sawa unapanda pikipiki. Marekani mwaka 2010 FDA, wale wa kusimamia chakula na dawa, iliwaandikia kampuni zilizokuwa zinachanganya pombe na kafeini kwa mkebe mmoja na zile bidhaa zikatoka kwa soko. Hapa tunajichanganyia wenyewe kwa glasi.

Kuhusu watoto sina subira kabisa. Lithuania walikataza kuuzia walio chini ya miaka 18 tangu 2014, Latvia 2016, Poland Januari 2024. Huku kwetu mtoto akiwa na yunifomu anatoa sarafu zake anapewa chupa, mwenye duka hata haangalii uso, na sisi wazazi tumesimama hapo hapo tukinunua mkate tunanyamaza, mimi nikiwa mmoja wao hadi juzi. Ningetaka kwa kila mkebe idadi ya kafeini ya mkebe WOTE iandikwe mbele, kwa Kiswahili, ikiwa na ukubwa ule ule wa neno bila sukari. Kama nafasi ya kuandika kilichotoka ipo, ya kuandika kilichobaki pia ipo.

Anti aliniambia ataacha yote siku moja, nikamsihi asifanye hivyo. Ukikata ghafla kichwa kinaanza kuuma ndani ya siku moja na kinaweza kukaa hata wiki, na najua angemaliza Panadol Extra zote za duka akirudisha kafeini kwa mlango wa nyuma. Tukakubaliana mmoja kwa siku wiki ya kwanza, halafu ule mdogo, na hakuna kitu baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa ngumu, siku ya tatu alikuwa mkali hata wateja waliona. Saa hii amefika nusu ya mkebe mdogo asubuhi na strungi moja, yaani chai ya rangi, panadol ni ile ya kawaida, na juzi Jumapili alilala hadi saa moja, kitu watoto wake hawajawahi kuona. Presha anapimwa tena wiki ijayo na nimemwambia nitafunga kazi niende na yeye, juu mara hii nataka tumwambie daktari pia kuhusu ile mikebe, hakuna mtu alikuwa amemuuliza.