Fundi viatu aliyenunua kasri

Juzi bibi mmoja wa miaka tisini na moja alinivua kiatu mlangoni kwake.

Kazi yangu hapa Tampere, Ufini, ni kuwazungukia wazee majumbani. Nawapa dawa, nawapima presha, nawachemshia kahawa, nakaa kidogo na wale wanaopenda kusema. Huyu si wa kusema. Kwa miezi minne tumebadilishana maneno kama kumi kwa siku, na kwa Wafini hayo ni mazungumzo. Lakini juzi nilipoingia alinitazama miguu, akaniashiria nikae, akalishika buti langu la kulia akalivuta. Akalikunja katikati, akaliachia aone linavyorudi. Akapitisha ukucha wa dole gumba pale soli inapokutana na ngozi.

"Gundi tupu," akasema. "Uzi hakuna."

Kumbe aliingia kiwanda cha viatu akiwa na miaka kumi na sita, akashona ngozi za juu mpaka vidole vikapinda. Vimepinda hivyo hivyo hadi leo. Nilitaka kumjibu nikashindwa, koo limenikaba. Ule ukucha unaopita kwenye mshono naujua. Ni wa baba yangu.

Baba ni fundi viatu Morogoro. Meza yake iko chini ya mti, jirani na sokoni, tangu mimi sijazaliwa. Kwa meza hiyo tumesoma watoto watano. Na mimi, mtoto wake, nilipopewa fomu ya kidato cha kwanza, pale penye "kazi ya mzazi" niliandika "mfanyabiashara". Mwalimu wetu mmoja alikuwa na msemo wake kwa waliofeli: "Nyie mtaishia kushona viatu." Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka. Nimeyabeba haya miaka mingi, na leo nayasema kwa sababu ya mtu mmoja wa mji huu, Emil Aaltonen.

Ukipanda kilima cha Pyynikki utalikuta jumba ambalo wenyeji wanaliita kasri, Pyynikinlinna. Lilijengwa mwaka 1924 kwa ajili ya tajiri wa karatasi, Rafael Haarla. Mwaka 1932 likanunuliwa na Aaltonen. Leo ni makumbusho yenye jina lake, humo mna habari za viwanda na mna picha za wachoraji wakubwa wa Ufini alizokuwa akizikusanya. Ukienda, usikimbilie picha. Anza na habari ya huyu bwana alikotoka.

Alizaliwa Sääksmäki, kijijini kabisa, mwaka 1869. Huo mwaka ni wa kuutafakari. Miaka ya 1866 hadi 1868 Ufini ilipigwa na njaa iliyoua karibu asilimia nane ya watu wake. Waliobaki walikuwa wakichanganya unga na magome ya miti ili mkate utoshe. Aaltonen alizaliwa kwenye vumbi la makaburi hayo. Hakuwa mtoto wa bwana. Alijifunza kushona viatu, wao wanasema suutari, kazi ya mtu wa kukaa kwenye kigoda huku amebana kiatu magotini. Akafungua karakana yake Hattula. Mwaka 1902 akaigeuza kiwanda, na mwaka 1905 akahamishia kila kitu Tampere, penye maporomoko ya Tammerkoski na viwanda vilivyokuwa vikinguruma tangu Mskoti James Finlayson alipoanza mambo yake hapa mwaka 1820. Kiwanda cha yule fundi wa kijijini kikaja kuwa kikubwa kuliko viwanda vyote vya viatu katika nchi za Nordiki, hizi za kaskazini ya Ulaya.

Wafini wana methali inayosema fundi viatu asitoke kwenye kalibu yake, ule mti wenye umbo la mguu anaoshonea kiatu, yaani kila mtu abaki na kazi yake. Aaltonen alitoka. Akaingia Lokomo, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1915 na kutengeneza vichwa vya treni na mashine za kusaga mawe. Akaingia pia Sarvis, iliyoanza mwaka 1921 na kuwafungulia Wafini njia ya plastiki kwa vifungo na vitana. Jina Sarvis limetoka kwenye neno lao la pembe, pembe ya ng'ombe hii hii tunayoitupa nyuma ya machinjio. Yeye alifariki mwaka 1949, lakini karakana za Lokomo ziliendelea. Mwaka 1987 zile nyambizi mbili za utafiti za Wasovieti, za Mir, zilizoweza kushuka mita 6,000 baharini, zilitengenezwa na Wafini, na chuma cha chumba wanachokaa watu kilimiminwa Lokomo, hapa hapa Tampere. Nikilifikiria hilo huwa nasimama. Kutoka kwenye sindano ya kushonea viatu mpaka chini ya bahari.

Sasa nawasikia. "Dada ameanza. Amepanda ndege mara moja, anatuona sisi washamba." Ndugu zangu, sijaandika haya nikiwa juu yenu. Ninayeandika ni mtoto wa fundi viatu aliyemkana baba yake kwenye fomu. Ningekuwa na majivuno ningeendelea kuandika mfanyabiashara.

Mwingine atasema wenzetu hawakutawaliwa. Walitawaliwa. Wasweden waliwakalia kwa karne nyingi, Warusi wakawachukua mwaka 1809, na uhuru wao waliutangaza tarehe 6 Desemba 1917. Wetu ni tarehe 9 Desemba 1961. Siku tatu zinatutenganisha kwenye kalenda na miaka arobaini na minne kwenye umri. Nakubali miaka hiyo si midogo, nakubali hakuna aliyewavusha bahari kwa minyororo, na lugha ya wakubwa wao haikuandamana na rangi ya ngozi. Lakini Aaltonen alipoanzisha kiwanda mwaka 1902 mfalme wake alikuwa Petersburg. Alianzisha akiwa mtawaliwa.

Na yule kaka wa siasa, najua analo lake: "Unamsifia bepari." Simtakasi. Mji huu ulipigana wenyewe kwa wenyewe mwaka 1918, wafanyakazi upande mmoja na wenye mali upande wa pili, na Tampere ilipoanguka mwezi wa nne mwaka huo, damu ilijaa mitaani. Kasri lile halikununuliwa kwa viatu alivyoshona mtu mmoja. Limo jasho la mabinti wengi, na vidole vya yule bibi vinanitosha kama ushahidi kwamba kazi ile haikuwa ya mzaha. Ila utajiri ule ulikwenda wapi? Mwaka 1937 Aaltonen aliweka mali kwenye mfuko wa kusaidia watafiti, na mpaka leo mfuko huo hugawa ruzuku kila mwaka. Hapa mjini vijana wanaandika tasnifu za udaktari kwa fedha za fundi viatu. Wanalitaja jina lake kwenye kurasa za kwanza, kwenye shukrani, bila haya yoyote.

Hapo ndipo moyo wangu unaposhikwa. Si baridi, si barabara, si umeme usiokatika. Hayo tumeyasema mpaka yamechakaa. Ni hili la mtu kuwa fundi na jina lake kuandikwa juu ya mlango.

Maana kiwanda cha viatu hata sisi tumekuwa nacho. Watu wa Morogoro mnajua ninachokwenda kusema na mmeshaanza kuguna. Benki ya Dunia ilitoa fedha, mashine za kisasa zikaletwa, hesabu ikawa mamilioni ya jozi kwa mwaka, na sehemu kubwa ya jozi hizo ipelekwe Ulaya. Ulaya! Yaani Mwitaliano avae kutoka Kihonda huku mkulima wa Mlali anatembea na katambuga. Kuta zilikuwa za alumini, hewa haipiti, kwa joto letu lile. Kiwanda hakikuwahi kufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Vitabu vya uchumi vya dunia nzima vinakitaja kama mfano wa kuepukwa. Nimekutana na wasomi huku ambao kitu pekee wanachokijua kuhusu mji wangu ni kile kiwanda. Inauma, jamani. Mji wenye Uluguru, wenye maji yanayoshuka mawe matupu, unajulikana kwa kiwanda kilichokufa.

Aaltonen alianza na kiatu kimoja alichokijua kukishona usiku na mchana, akaja cha pili, akaja kijana wa kumsaidia, mashine ikaja wakati mikono imeshajua inataka nini kutoka kwake. Sisi tulianza na ukuta. Jozi milioni kwanza, mshonaji baadaye. Na wakati ule ule mjini Morogoro walikuwepo mafundi chini ya miti wanaoweza kukutajia, kwa kunusa tu, ngozi ya mbuzi iliyokaushwa vibaya.

Msiniambie sina uzalendo. Uzalendo ninao mwingi mpaka unaniumiza. Nipeleke popote hapa Tampere, sitamkuta mtu wa kumlinganisha na baba yangu. Kiatu kikichanika huku kuna vibanda vichache vinavyochonga funguo na kubandika visigino, na bei ikikaribia ya kiatu kipya watu wanatupa. Wale mafundi hawakujui jina. Baba anajua mguu wa kila mteja wake. Anajua nani anakanyagia nje, nani mguu wa kushoto ni mkubwa, nani anavaa viatu vya marehemu kaka yake na anataka vipunguzwe bila swali. Hata viwanda vyenyewe vya viatu vya mji huu vingi vimekwisha, viatu vya bei rahisi kutoka nje vimevimaliza kama mitumba ilivyotumaliza sisi. Ujuzi wa yule bibi hauna mrithi. Wetu upo hai, umekaa chini ya mti, unapigwa na jua, na kila mwezi unatozwa ushuru na kutishiwa kuhamishwa.

Na ngozi tunazo. Tanzania ni kati ya nchi zenye mifugo mingi zaidi Afrika. Nikienda likizo naona ngozi zimetupwa zinaliwa na mbwa, halafu naenda harusini naona bwana harusi kavaa kiatu cha plastiki kilichong'arishwa, kimepasuka kabla ya keki. Nasikia kiwanda cha Karanga kule Moshi wanatengeneza viatu vya ngozi, na nimefurahi, kweli nimefurahi, nitanunua. Lakini mdogo wangu wa mwisho amemaliza kidato cha nne, mikono yake ni ile ile ya baba, ameshona begi la shule kwa mabaki ya ngozi likanishinda kuamini. Shangazi zetu wamekaa kikao. Wamesema tumchangie akasome "kitu cha maana".

Nauliza kwa nguvu zote: nani aliamua kwamba kushona si kitu cha maana? Serikali ndiyo iliyokaa kikao sebuleni kwetu? Hapana, ni sisi. Ni shangazi, ni mwalimu, ni mimi na fomu yangu. Huku wazungu walimpa Aaltonen cheo cha vuorineuvos, heshima ya juu kabisa wanayompa mtu wa viwanda, na hakuna aliyeona ajabu kwamba alianzia kwenye kigoda. Mtasema ni rahisi kumheshimu fundi akishakuwa tajiri. Sawa. Lakini kuna siku hakuwa tajiri, na siku hiyo palikuwa na mtu aliyemuuzia ngozi kwa mkopo, na mzazi aliyemkabidhi mtoto wake ajifunze kwake. Hao ndio ninaowatafuta kwetu.

Nimempigia baba jana. Nimemsimulia habari ya bibi, nikamsimulia habari ya kasri. Alinisikiliza bila kunikatiza, nikasikia nyundo imesimama. Kisha nikamwambia lile la fomu, mama akiwa pembeni yake. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nililiona, mwanangu. Mimi ndiye niliyetia saini." Sikuweza kuendelea, akaendelea yeye. Akaniuliza bibi anashonea uzi wa aina gani, na kama walikuwa wakiupaka nta.

Nilichokuwa sijamwambia ni kwamba bibi, nilipomaliza kazi, alitoa kitu nyuma ya mlango wa chumba chake, kitu anachozuilia mlango usifunge. Ni kalibu ya mti ya kiatu cha kiume, imekuwa nyeusi kwa kushikwa, namba 41 imegongwa kisigino. Akaniwekea mikononi. Nikamwambia baba kwamba naja nayo Desemba, iko kwenye begi tayari.

"Ya mguu gani?"

"Wa kulia."

"Muulize kama anayo ya kushoto."