Kilembwe Amerudi Suo-Oshima

Kwenye makaburi ya zamani ya Wajapani huko Hawaii, jiwe halitaji jina la marehemu peke yake. Mara nyingi limechongwa pia mkoa aliotoka, wilaya na kijiji. Watu wale walijua watazikwa mbali, wakaacha anwani. Rafiki yangu mzaliwa wa Honolulu alipiga picha jiwe la babu wa babu yake akanitumia nimsomee, kwa kuwa yeye Kijapani hakijui na mimi nilikaa Hiroshima miaka sita nikisoma. Nikamsomea: mkoa wa Yamaguchi, wilaya ya Oshima. Miezi minne baadaye tulikuwa tunavuka daraja la kuingia kisiwani.

Kisiwa hicho, Suo-Oshima, ni cha milima na machenza, kwenye bahari ya ndani ya Seto. Mwaka 1885 serikali ya Japani na ufalme wa Hawaii zilianza kupeleka vibarua kwenye mashamba ya miwa, kwa mkataba wa miaka mitatu mitatu. Waziri wa mambo ya nje wa Japani, Inoue Kaoru, alikuwa mtu wa Yamaguchi, na waandikishaji wakaelekezwa kwao. Kisiwani watu walikuwa wengi kuliko ardhi, na bei ya mazao ilikuwa imeporomoka. Katika takriban miaka kumi ya mpango ule Wajapani wapatao 29,000 walikwenda Hawaii, na karibu 3,900 kati yao walitoka kisiwa hiki kimoja. Sisi husema mwacha asili ni mtumwa. Msemo huo nimeusema maisha yangu yote, lakini mbele ya takwimu hizi siwezi kuwatupia watu wale. Hawakuiacha asili. Waliondoka ili waliobaki wapate kula, na walituma fedha nyumbani.

Kwenye ofisi ya mji tuliomba koseki, yaani daftari la familia ambalo dola ya Japani imeliandika kizazi baada ya kizazi. La zamani kabisa linalotolewa leo ni la mwaka 1886. Ukithibitisha kwa vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa kwamba wewe ni wa uzao wa mtu huyo moja kwa moja, hata ukiwa raia wa nchi nyingine unapewa nakala kwa yeni 750. Hadi mwaka 2010 madaftari yaliyofungwa yalihifadhiwa miaka 80 tu, kisha yangeweza kuharibiwa. Sasa ni miaka 150. Letu lilikuwepo. Karani alilitandaza mezani akatuonyesha kwa kidole: mtoto wa pili wa kiume, na juu yake kaka mkubwa, mrithi wa nyumba.

Nyumba yenyewe bado ipo. Paa limebonyea katikati na mianzi imeingia jikoni. Jirani, bibi mwenye miaka themanini na kitu, alituambia mtu wa mwisho kuishi humo alifariki bila mtoto, na tangu hapo hakuna aliyejua nani aulizwe. Si ajabu hapo: zaidi ya nusu ya wakazi wa kisiwa wamevuka miaka 65. Japani nzima, hesabu ya 2023 ilikuta nyumba tupu milioni 9, karibu 14 katika kila mia.

Hapa ndipo nina neno. Vijiji vya Japani vinatafuta wageni kwa bidii. Vinatangaza nyumba tupu, na tangu 2009 serikali kuu inagharimia vijana wa mijini waje kufanya kazi vijijini hadi miaka mitatu. Ni jambo jema, nami nimewaona baadhi yao wakichuma machenza na wazee. Lakini nyumba haiwezi kutangazwa bila sahihi ya mwenyewe, na mwenyewe kwenye hati aghalabu ni marehemu. Tangu sheria ya urithi ibadilishwe baada ya vita, mwaka 1947, watoto wote hurithi, si kaka mkubwa peke yake. Nyumba moja inaweza kuwa na warithi ishirini, wengine Brazil, wengine Hawaii, wasiojua kwamba ni warithi. Tangu Aprili 2024 mrithi anayejua amerithi na asijiandikishe ndani ya miaka mitatu anaweza kutozwa hadi yeni 100,000. Faini haimfikii asiyejua.

Kwa hiyo anayekuja kutafuta babu zake huenda ndiye yuleyule kijiji kinayemtafuta. Kule ofisini, dirisha la koseki na dirisha la nyumba tupu yanapaswa kuwa dirisha moja, na anayepewa nakala ya daftari aulizwe palepale: je, una habari yoyote ya nyumba ya ukoo?

Serikali ya Japani iliwahi kuwaita wajukuu wa wahamiaji. Mwaka 1990 mabadiliko ya sheria yake yalianza kutumika, na Wabrazili na Waperu wenye asili ya Kijapani wakaja kwa maelfu. Wengi waliishia viwandani, Hamamatsu na Oizumi, mbali na vijiji vya babu zao. Kazi zilipokauka mwaka 2009, wakapewa yeni 300,000 za nauli warudi makwao, kwa sharti la kutorejea kwa viza ileile. Hilo linaniuma hadi leo. Waliitwa kama mikono, na mikono ilipozidi wakarudishwa. Hakuna aliyewauliza kaburi la kwao liko wapi.

La ukoo wa rafiki yangu lipo nyuma ya hekalu, juu ya kilima. Kwenye jiwe la ukoo kulikuwa kumetundikwa kibao: jamaa wa kaburi hili wajitokeze ndani ya mwaka mmoja, la sivyo litaondolewa. Nilipomtafsiria alinyamaza muda mrefu. Kisha akatoa karatasi, akaandika herufi mbili za jina la ukoo, ambazo ndizo Kijapani chote anachoweza kuandika, na chini yake anwani ya Honolulu. Akaitia kwenye mfuko wa plastiki isilowe, akaifunga kwenye kibao. Yule bibi jirani, aliyepanda nasi kilima polepole, akachota maji akalimwagia jiwe.