Skrini ya Mama Zaituni

Nina miaka 61. Goti langu moja limelegea, meno manne yamekwisha kuniaga, na paa la nyumba yangu hapa Mafubira, pembezoni mwa Jinja, lina kutu ya rangi ya chai. Sijasikia hata siku moja mtu akiniambia, "Mzee, umezeeka vizuri, bei yako imepanda." Lakini mbao, jamani! Mbao ikizeeka inapakwa nta, inapigwa picha, inaitwa ya kale.

Balaa hili aliniletea shemeji yangu mdogo, anayepamba kumbi za harusi kule Kampala. Alikuja Idi, akakaa, akalitazama pazia letu la maua linalotenga sebule na pale wanapolala wajukuu, kisha akamwambia mke wangu, Mama Zaituni, kwa huruma, "Dada, bado mna pazia?" Ungedhani kasema bado mna kunguni.

Sasa pazia lina kosa gani? Nenda Kasubi kule Kampala, walikolala makabaka wanne, wafalme wa Buganda. Kinachowatenga na watu ni pazia la lubugo, gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo. Muteesa mwenyewe katosheka na pazia, mimi na wajukuu wangu watatu ni nani?

Lakini shemeji ana simu, na simu ina picha. Akatuonyesha viambaza vya kukunja vya Kichina vyenye rangi ya kung'aa, vile alivyovipenda sana Coco Chanel, yule mbunifu wa mavazi wa Paris. Vinaitwa Coromandel, kumbe Coromandel ni pwani ya India, vilipita tu huko vikienda Ulaya. Ni kama matoke ya Mbarara yapite mpakani yaitwe matoke ya Malaba. Akatuonyesha na vya Kijapani, byōbu, maana yake ati ukuta wa upepo. Nikamwambia nyumba hii haina upepo, ina joto tu na deni la umeme. Hakunisikia. Mama Zaituni alishaanza kuhesabu pesa za kikundi.

Wiki mbili baadaye kiambaza chetu, yaani skrini, kikashuka kwenye pikapu. Vipande vinne vya mbao, vimeungwa kwa bawaba, juu hadi chini nakshi za matundu. Shilingi 900,000. Kwa pesa hizo ningepata mabati mapya upande wote wa jikoni. Fundi aliyeiuza akaapa kuwa imetoka kwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyeingia Jinja mwaka 1912, reli ya Busoga ilipojengwa.

Sasa mimi nimekaza skrubu miaka thelathini katika kiwanda cha nguo. Nikavaa miwani, nikainama kwenye bawaba. Skrubu zote za nyota! Skrubu ya nyota imeingia sokoni miaka ya 1930. Kabla ya hapo ulikuwa na bisibisi bapa na subira. Nikanusa: siki, siki tupu, kama bakuli la kachumbari. Unapaka mbao chai ya rangi iliyokolea, unaloweka waya wa kusugulia sufuria ndani ya siki, unapaka tena juu, na kabla hujamaliza rolex yako, ile chapati ya mayai, mbao imekuwa babu. Nikachomeka waya kwenye tundu la fukusi. Ukaenda moja kwa moja, ukatokea upande wa pili. Fukusi wa kweli anazurura ndani ya mbao kama mlevi, huyu ametoboa kwa rula!

Nikasema. Mama Zaituni akanijibu, "Baba Zaituni, wewe huna jicho la mapambo."

Haya, isimame basi. Skrini haisimami ikinyooka, lazima uikunje upinde huku na huku, na ikikunjwa inakula nusu ya sebule. Kochi likasogezwa, meza ikatoka nje, mimi nikahamia kwenye stuli mlangoni kama askari wa benki. Wajukuu nao wakagundua kwamba kupitia matundu wanaona televisheni hadi usiku wa manane.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni mama mkwe.

Mke wangu ni Msoga, na kwao mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Kwa miaka 34 tumeheshimiana vizuri kabisa, yeye nyuma ya pazia, mimi sebuleni, salamu zikipita juu. Safari hii akaketishwa nyuma ya skrini. Shemeji alituhakikishia kwamba kimia cha mbao ndicho kilichositiri wanawake wa Cairo karne nyingi. Kweli, kiliwasitiri! Ila siri ya kimia ni giza: ndani kuwe kweusi na nje kuwe kweupe, hapo wa ndani anaona na wa nje haoni. Sisi taa yetu moja iko upande wa wajukuu. Mimi nimekaa gizani, mama mkwe kaangazwa kama bibi harusi. Nimemwona anavua viatu. Nimemwona anachokoa jino. Nikafumba macho nikasalimia hivyo hivyo, naye akamuuliza mwanawe kwa sauti, "Mwanangu, huyu mumeo ameanza kupofuka?"

Kesho yake nikamwita yule fundi arudishe pesa. Akaja, akakana, akaomba msalani. Alikaa huko muda mrefu hadi nikaingiwa na wasiwasi. Alipotoka alikuwa anaupapasa mlango.

"Mzee, huu unauza?"

Mlango wa choo! Mvule mtupu, marehemu baba aliununua kwa Mhindi mmoja wa Main Street kabla Amin hajawapa Wahindi siku 90 waondoke nchini mwaka 1972. Bawaba za kufuliwa kwa mkono, skrubu bapa, na fukusi walevi kweli kweli. Fundi akataja shilingi 400,000. Kabla sijafungua mdomo Mama Zaituni akaruka: hauuzwi, unaingia sebuleni, unaegemezwa ukutani!

Basi sasa sebule ina skrini ya uongo na mlango wa choo wa kweli, vyote vimepakwa nta. Choo kimepewa lile pazia la maua.

Jioni nilikuwa humo, upepo wa ziwa ukavuma, pazia likapanda hadi usawa wa kidevu. Hapo ndipo nilipowaelewa Wajapani. Nikasikia ndara zinakuja kwenye njia, pamoja na mlio wa birika. Nikakohoa kwa nguvu.

Huko nje, sauti ya mama mkwe nayo ikakohoa.